Dai ya kupunguzia kipenyo kwa vichwa vya risasi vyenye rangi ya unga: ipi ununue kwanza

Dai ("die" kwa Kiingereza) ni kifaa cha chuma chenye tundu la kipimo maalumu, cha kubania kichwa cha risasi ulichokimimina mwenyewe na kukipaka rangi ya unga inayookwa ovenini. Dai yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 0.356. Vichwa vya kiwandani vya 9 mm vina 0.355, nami nikaona elfu moja ya inchi (yaani 0.001) juu yake inatosha kabisa. Mtutu wenyewe sikuupima. Baada ya risasi hamsini nikachungulia ndani: madini ya risasi yameganda kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, na shabaha ilikuwa imetawanyika kama mbegu zilizomwagwa. Nikalaumu rangi, nikalaumu oveni, nikabadilisha unga. Nilipopima hatimaye, mifereji ilikuwa 0.357. Kichwa kilikuwa kinapita kikipwaya, gesi moto inakiramba ubavuni, na hakuna rangi inayostahimili hilo.

Kabla ya yote, lugha yetu ina mtego mdogo hapa: risasi ni madini, risasi ni kile kinachoruka, na risasi ni ganda zima lenye baruti. Kwa hiyo nitasema "kichwa" nikimaanisha kile kinachoruka peke yake. Na ninaandika kwa yule ambaye kazi hii anaruhusiwa kisheria huko aliko.

Rangi ya unga inabadilisha hesabu ya ununuzi kwa namna mbili. Kwanza, inanenepesha. Tabaka likishaiva huongeza kipenyo kwa takriban elfu mbili hadi tatu za inchi, na ukipaka mara mbili zaidi ya hapo. Kichwa kilichotoka kwenye kalibu na 0.358 kinaweza kutoka kwenye oveni na 0.361. Pili, rangi inachukua nafasi ya grisi. Mitambo ya zamani ya kupunguzia kipenyo ilitengenezwa kufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja, kubana na kujaza grisi kwenye vijito vya kichwa, yaani mikato inayokizunguka ubavuni. Wewe unahitaji kubana tu. Ukilisahau hilo, utalipia pampu ambayo haitapampu chochote.

Tafuta namba kabla ya kutafuta dai

Chukua kipande cha risasi laini, kinene kidogo kuliko tundu la mtutu. Paka mafuta mtutuni, gonga kipande hicho kwa kijiti cha mbao au shaba hadi kitokee upande wa pili, kisha pima sehemu zake zilizotuna, yaani zile zilizoingia kwenye mifereji. Tumia maikromita. Kalipa (rula ya taya za kubania) ya kawaida inakosea kwa elfu moja nzima bila aibu, na hapa elfu moja ndiyo tofauti yote tunayoitafuta. Mtutu wenye mifereji mitano, kama ilivyo kwenye rivolva (bastola za silinda) nyingi za Smith & Wesson, unasumbua, kwa sababu vituno havitazamani; hapo inahitajika maikromita yenye kitako cha umbo la V.

Ukishapata kipenyo cha mifereji, ongeza elfu moja. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Kwa kawaida kaliba za .38 Special na .357 Magnum huishia 0.358, .45 ACP 0.452, .44 Magnum 0.430, bunduki za .308 huishia 0.309 au 0.310, na 9 mm popote kati ya 0.356 na 0.358. Kwa .303 British usikisie hata kidogo: kitabuni ni 0.311, lakini mitutu ya zamani hupatikana ikiwa imepanuka hadi 0.314 na kuzidi.

Mwenye rivolva ana kazi ya ziada. Kichwa hupita kwanza kwenye koo la kila chemba ya silinda kabla hakijauona mtutu. Kinatakiwa kupita kooni kwa kusukumwa na kidole, si kudondoka chenyewe na si kugongwa. Makoo yakiwa membamba kuliko mifereji, dai yoyote utakayonunua haitakusaidia, maana silinda itakibana kichwa upya. Peleka silinda kwa fundi bunduki kwanza.

Kipenyo kina ukomo wa juu pia. Tengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitako cha ganda), idondoshe kwenye chemba: iingie na itoke kwa uzito wake. Ikikwama, usikimbilie dai ndogo. Mara nyingi kinachogusa ni pua ya kichwa iliyonenepa kwa rangi, na dai ya kusukuma haiigusi pua iliyo nyembamba kuliko tundu lake. Dawa yake ni kukizamisha kichwa kidogo zaidi kwenye ganda, kwa kufuata vipimo vya kitabu cha baruti, maana kina kikibadilika shinikizo nalo hubadilika.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa dai ya kawaida ya kusukuma, na ya kampuni ya Lee ndiyo iliyoenea zaidi. Umbo lake la miaka mingi linaingia kwenye presi yoyote ya kupakia risasi yenye uzi wa 7/8-14 (upana wa inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi). Kisukumio hukaa kwenye nguzo ya presi, kichwa husimama juu yake kwa kitako, nguzo inapanda, kichwa kinapita pua mbele hadi kwenye chombo cha juu. Uzuri wake kwa rangi ya unga ni huo mwendo: kitako bapa kinasukumwa na chuma bapa, kwa hiyo umbo la pua halina habari. Kichwa cha pua ya mviringo na cha pua bapa vyote vinapita kwa kifaa kilekile. Mlango wa dai ni mpana kidogo na unabana polepole, hivyo rangi inalazwa badala ya kukwanguliwa. Ni ya bei ndogo kuliko zote hapa. Udhaifu wake ni mmoja, namba moja kwa kila dai, na namba za kati wakati mwingine hazipo kwenye orodha ya kawaida. Kama una silaha moja na umeipima, acha kusoma, nunua hii.

Ya pili ni mfumo wa bushi, ambao NOE, watengenezaji wa kalibu, ndio wanaojulikana nao. Unanunua mwili wa dai mara moja, kisha bushi za vipenyo mbalimbali zinazopishana kwa elfu moja. Ninayo, na ndiyo ninayoitumia kila wiki. Mbona basi nimeiweka ya pili? Kwa sababu faida yake inaanza ukiwa na mitutu miwili au mitatu ya kaliba moja isiyolingana, au ukiwa mtu wa kujaribu 0.357 leo na 0.358 kesho. Kwa mtutu mmoja ni anasa. Lakini mwenye 9 mm mbili na bunduki ya .303 ya zamani anaweza kuichukua kama ya kwanza bila kuniuliza.

Ya tatu ni mashine ya Star, kwa mtu wa maelfu. Nayo inasukuma pua mbele, na kila kichwa kinamsukuma mwenzake atoke chini. Mkono unapanda na kushuka, kazi inakwenda. Inafanya kazi vizuri na rangi, grisi ukiifunga tu. Gharama yake ni kubwa, dai zake ni zake peke yake, na kwa vichwa mia mbili kwa mwezi ni kuwasha tanuri kwa ajili ya yai moja.

Ya nne, na kwa mbali, ni mashine za kubana na kutia grisi kama Lyman 450 na 4500 au Lube-A-Matic ya RCBS. Sizidharau, kwa vichwa vya grisi zimetumika vizazi na vizazi. Lakini kwa rangi ya unga zinakosea mahali pawili. Kichwa huingia kitako mbele kikisukumwa puani, kwa hiyo unahitaji kisukumio chenye umbo la pua ya kila kalibu yako, la sivyo pua inachapwa alama au kichwa kinaingia kimeinama. Halafu kinashuka na kupanda kwenye tundu lilelile, na ukingo wa dai za zamani una tabia ya kunyoa rangi kwenye kona ya kitako. Ukirithi moja, itumie. Kuinunua mpya kwa kazi hii siwezi kukushauri.

Kuna wanaoacha kubana kabisa kwa kuwa kalibu yao inatoa kipenyo kizuri. Inawezekana, lakini rangi haikai sawa kila mahali. Kichwa kilichogusana na jirani yake ovenini kina kovu, na kovu hilo dai ndiyo inayolilaza.

Mambo yanayoharibu dai nzuri

Ukikibana kichwa kwa zaidi ya elfu nne au tano kwa pigo moja, nguvu inakuwa nyingi na vijito vinapondeka. Heri kupita dai mbili kwa hatua, au kutafuta kalibu ndogo zaidi. Bana baada ya rangi kuiva na kupoa. Kwa unga mwingi ni nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika kama ishirini, vichwa vikiwa vimeshafika joto hilo. Jaribu kimoja kwa nyundo juu ya chuma hadi kiwe chapati. Rangi ikimenyeka, haikuiva, wala dai si ya kulaumiwa.

Vichwa vyenye kikombe cha shaba kitakoni vina utaratibu wao: ukipaka rangi kwanza, kikombe huenda kisikae vizuri. Mimi huvisha kikombe na kukibana kwa dai, kisha napaka rangi, kisha nabana tena. Kama ni hivyo kwako, bajeti ihesabu dai mbili au bushi mbili.

Kosa linalofichika zaidi liko kwenye ganda. Umebana kwa 0.358, umefurahi, kisha unakiingiza kichwa kwenye ganda lililopanuliwa kwa ajili ya kichwa cha kiwandani cha 0.355. Ganda la shaba linaibana risasi laini hadi 0.356 na kazi yako imepotea gizani. Dai za kumalizia upakiaji zenye pete ngumu ya kubana ganda zima hufanya vilevile. Ng'oa kichwa kimoja ulichokwisha kuingiza, kipime. Kikiwa kimepungua, fedha inayofuata iende kwenye kipanuzi kinene cha mdomo wa ganda, sio kwenye dai nyingine.

Dai ikifika, namba iliyochongwa juu yake ichukue kama makadirio. Madini magumu huruka nyuma kidogo yakishapita, madini laini hukaa yalivyobanwa, hivyo dai moja inatoa vipenyo viwili kwa michanganyiko miwili. Pitisha vichwa kumi vya mchanganyiko wako na uvipime vyote. Vikitoka vyembamba kwa nusu elfu, funga msasa laini kabisa kwenye kijiti chenye mpasuo, kizungushe ndani ya dai kwa mashine ya kutobolea, ukipima kila baada ya sekunde chache, kwa kuwa chuma kikishaondoka hakirudi. Kisha osha vumbi lote la msasa, hata lile la kwenye uzi, kabla ya kupitisha kichwa kingine, la sivyo kitatoka na mchubuko mrefu ubavuni.