Tathmini: huduma ya Umoja wa Mataifa ya kupokea nchi mpya

Kwa utaratibu wenyewe, huduma hii inastahili nyota tano. Kwa namna mlango unavyolindwa, mbili tu.

Makaratasi ni machache mno. Nchi huandika barua ya maombi kwa Katibu Mkuu na kuweka tamko la kukubali wajibu wote wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Tamko hilo lisiachwe, tena liwe hati rasmi. Baraza la Usalama hulichunguza ombi kupitia kamati yake, kisha hupiga kura: zinatakiwa 9 kati ya 15, na asiwepo hata mmoja wa wale wanachama watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) aliyetumia turufu, yaani kura ya kuzuia. Baraza Kuu humalizia kwa theluthi mbili ya wanaopiga kura.

Mambo yakinyooka, kasi yake inashangaza. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na barua yake ina tarehe hiyo hiyo. Tarehe 13 ilipita Baraza la Usalama, na tarehe 14 ikawa mwanachama wa 193, huku Abyei, eneo la mpakani kati yake na Sudan, bado ikigombaniwa! Mpaka usiokamilika haukuizuia, kwa sababu Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilikuwa imeshaitambua siku moja kabla ya uhuru.

Hapo ndipo wengi wanapokwama: ridhaa ya nchi unayojitenga nayo. Bangladesh ilipigwa turufu na China Agosti 1972. Pakistan ikaitambua Februari 1974, na Septemba mwaka huo Bangladesh ikapokewa. Kosovo ilijitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008, na mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema tangazo lile halikuvunja sheria ya kimataifa. Bado iko nje, maana Serbia haijaridhia na Urusi, yenye turufu, iko upande wa Serbia. Kushinda hoja ya kisheria hakukuipatia kiti, na hilo kwetu ni dosari kubwa ya huduma nzima.

Kwa hiyo, kura za wale watano zihesabiwe kabla barua haijatumwa. Turufu ikinukia, kuna mlango wa pembeni: hadhi ya dola mwangalizi, inayotolewa na Baraza Kuu, ambako turufu haipo. Palestina iliipata tarehe 29 Novemba 2012. Mwangalizi huketi na kuzungumza, lakini hapigi kura. Aprili 2024 ombi la Palestina la uanachama kamili lilipata kura 12, likazuiwa na turufu ya Marekani.