Leseni "ya kudumu", kampuni imefungwa

Nina duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Mwaka 2019 nilinunua programu ya mauzo na stoku, leseni ya kudumu, shilingi 35,000. Kazi yake ilikuwa safi: inahesabu misumari kwa kilo, inakumbuka fundi gani anadaiwa na tangu lini. Hapo siwezi kuinyima sifa.

Kisha kampuni ikafungwa. Kompyuta yangu ilipoungua, nikaiweka programu kwenye nyingine, kikatokea kisanduku chekundu: "Leseni haijathibitishwa." Seva, yaani kompyuta ya kampuni ya kuithibitisha leseni kupitia mtandao, imezimwa, simu yao haipatikani. Madeni ya miaka mitano yamo humo ndani, na mteja amesimama kaunta akingoja risiti ya mabati.

Kijana mmoja akajitolea kuikraki, yaani kuvunja kinga yake ifanye kazi bila kuthibitishwa. Nilikataa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu kama kazi ya maandishi, na haki hiyo haifi na kampuni. Ni mali, mfilisi (anayesimamia mali ya kampuni iliyofungwa) anaweza kumuuzia mtu mwingine. Basi masharti niliyoyakubali bado yananifunga, ilhali wa kunihudumia hayupo. Inaniuma sana.

Kabla ya kulipa, hakikisha unaweza kutoa data zako zote kwenye faili ya kawaida. Nyota mbili kati ya tano.