Kifurushi cha mbega na uyoga, Malindi hadi Tana: lipia kimoja

Baadhi ya watembezaji wa Malindi huuza safari ya siku moja ya misitu ya Mto Tana kwa ahadi mbili: mbega mwekundu asubuhi, uyoga wa kichuguu mchana. Mbega tunampa nyota nne. Uyoga nyota moja, na kosa ni la kalenda.

Mbega mwekundu wa Tana haishi kwingine duniani ila kwenye vipande vya msitu kandokando ya mto huo, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini zaidi kutoweka. Chakula chake kikuu ni majani, kwa hiyo jua likishapanda hujilaza matawini tumbo likisaga. Ukitaka kumwona akiruka, uwe msituni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Gari linalotoka Malindi alfajiri hufika amekwisha kutulia, na utakachopiga picha ni mkia unaoning'inia. Dai kulala Garsen au Hola. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, yatosha. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi. Mwongozaji awe kijana wa Kipokomo wa kijiji cha jirani, anayejua mkuyu upi umezaa wiki hiyo. Mangabei, nyani jirani yake mwenye kishungi, ni rahisi zaidi: hushinda chini akichakura majani makavu, utamsikia kabla hujamwona.

Uyoga wa kichuguu hutoka masika yakishakolea, na hapo ndipo udongo mweusi wa Tana hunasa magurudumu na mto kufurika. Anayekupeleka Februari "kutafuta uyoga" anakutembeza bure. Ukiupata, usiuvute. Shina hushuka kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa, na ukivuta hukatika. Chimbua kwa kijiti. Bila mzizi huo, uache: upo uyoga mwingine mweupe wenye pete shinani, mikunjo ya chini ya kofia ikigeuka kijani, na huo hutapisha vibaya. Beba kwa kikapu. Mifuko ya plastiki, mbali na kupigwa marufuku tangu 2017, huutoa jasho, na kufikia jioni umelainika na kuingia funza. Upikwe siku hiyohiyo, kwa tui.

Kiangazi, mwambie mtembezaji aondoe uyoga kwenye bei. Mwezi Mei, acha Tana kabisa. Tafuta vichuguu mashambani karibu na Malindi, kwa ruhusa ya mwenye shamba.