Fort Jesus na Mji wa Kale, Mombasa: uzoefu wangu

Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijapanda na mabasi ya shule hayajafika. Wananchi hulipa nafuu kuliko wageni, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Langoni jamaa mmoja alijipa kazi ya kunitembeza bila kuulizwa. Dakika ya kwanza tu akaniambia ngome ilijengwa na Vasco da Gama! Da Gama alipita Mombasa 1498. Wareno walianza kujenga 1593, kwa ramani ya Cairati, msanifu Mtaliano. Nikamshukuru nikaenda zangu. Ukitaka mwongozaji, mtafute wa ndani na mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua.

Wengi hukimbilia mizinga kupiga picha. Mimi nilikwama kwenye vitu vya Santo António de Tanna, meli ya Wareno. Waomani waliizingira ngome kuanzia 1696, na meli hii ilikuja kuwaokoa waliokuwa ndani, ikazama 1697 hapo hapo mbele ya kuta. Wapiga mbizi walianza kutoa shehena yake miaka ya 1970. Unatazama mitungi na vyombo vya kaure vya Kichina, halafu unakumbuka kwamba ngome haikuanguka hadi Desemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuwamaliza karibu wote. Hapo sikuwa na haraka tena.

Usiipite michoro ya ukutani ya Wareno: meli, makanisa, watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Si kazi ya fundi, ni ya watu waliochoshwa na zamu, na ndiyo maana niliipenda kuliko kitu kingine humo. Nyumba ya Waomani nayo ina vito vya kina mama, na upepo wake wa juu ni wa bure.

Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa jela, ikawa makumbusho 1962.

Ukitoka, ingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Milango ya nakshi, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry wa karne ya 16. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Hizo ni nyumba za watu. Alasiri ikiingia, tafuta kahawa chungu na kashata.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya usumbufu wa langoni. Ukienda na mzee, jua kwamba ngazi na miinuko ni mingi. Nusu ya ngome ataiona kutoka kivulini.