TAHADHARI: Fundi anayeuza matrekta madogo mabovu yaliyopakwa rangi mpya

Wakuu, nilikuwa nanyamaza kwa aibu. Lakini nimesikia yule bwana ana trekta jingine linakauka rangi pale kwake na mtu anatafuta hela alinunue. Sinyamazi tena. Langu mnalijua, lile jekundu mlilonipongezea kwenye picha.

Nilimwamini, na sababu nilikuwa nazo. Huyu si dalali wa maneno mengi. Nilimkuta na grisi mpaka viwikoni, akanisalimia kwa adabu, akafungua boneti mwenyewe kabla sijamwomba. Akamulika tochi: chujio jipya la oili, mkanda mpya wa feni, mipira mipya ya rejeta. Hata maboksi yake matupu alinipa nishike. "Kaka, mimi sipaki rangi juu ya ugonjwa. Kila bolti nimeifungua kwa mkono wangu." Sauti yake bado naisikia. Stika mpya zimenyooka, rimu nyeupe, tairi zimepakwa dawa zinang'aa. Aligusa ufunguo tu, likawaka. Akanikalisha kwenye kiti nikazunguka nalo uani, gia zinaingia laini. Akanyanyua mikono ya nyuma inayobeba plau, ikapanda upesi. Muda wote huo simu yake inaita, naye anajibu, "Subiri kwanza, nina mteja hapa." Nikalipa zote, tukapeana mikono. Mtu mwenye la kuficha angenifungulia boneti?

Shambani halikumaliza hata mstari mmoja. Plau likishazama, injini inanguruma na magurudumu hayaendi: klachi imekwisha. Nikinyanyua plau, linashuka lenyewe taratibu mpaka chini. Kisha mvuke. Rangi ya ubavuni mwa injini ikavimba, ikapasuka, na chini yake nikaona gundi ya chuma imezibia ufa kwenye bloku, yaani mwili wenyewe wa injini. Nikachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili, na oili ya namna hiyo inakula beringi za kranki, ule mhimili mkuu wa injini.

Fundi mwingine alipoliosha kwa presha, rangi ilibanduka vipande vipana. Ilipakwa juu ya grisi na kutu, bila msasa, bila praima. Vile vichuchu vya kuingizia grisi (nipo) vimezibwa na rangi. Na zile bolti "alizozifungua"? Uchafu wa miaka umegandamana kuzizunguka chini ya rangi, spana haijapita hapo. Nilipompigia akaniambia, bila haya, kwamba nimelitumia vibaya. Trekta, kulimia!

Injini ilikuwa ya moto nilipofika. Akasema alikuwa anaipasha ili nisisubiri, kumbe injini ya dizeli iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa baridi, na hicho ndicho alichokuwa anakificha. Kwa hiyo shikeni injini kwanza kabla ya salamu nyingi. Mwambieni alifunge plau lilime mbele yenu, maana uani bila mzigo hata klachi mbovu inakwenda. Fungueni kifuniko cha oili muone kama kuna ile chai ya maziwa. Pia angalieni kibati cha namba za kiwandani. Kwenye langu yalibaki matundu ya ribiti tu, yamepakwa rangi juu, na sasa kuagiza spea ni kubahatisha. Yapo na mengine, ila nikiyakumbuka hasira inanipanda.

Kwa sababu huyu hakukosea kazi. Gundi kwenye bloku haijipaki yenyewe. Aliuona ufa, akaujaza, akasubiri ukauke, akapaka rangi, kisha akanitazama usoni akapokea hela zangu. Huo ni wizi, na mwizi mahali pake ni gerezani. Arudishe kila shilingi, alipe na msimu wangu ulioharibika, na karakana ifungwe asiguse trekta la mtu tena. Polisi nimeshaandikisha maelezo. Picha za ule ufa ninazo, na fundi aliyelifungua amekubali kutoa ushahidi. Kama nawe alikuuzia, usione aibu, nitumie ujumbe tumshitaki pamoja.