Tathmini ya utabiri wa IMCCE kwa watazamaji wa miezi ya Mshtarii

Huduma hii ya IMCCE, taasisi ya Paris inayokokotoa mienendo ya sayari na miezi yake, inamfaa yeyote anayetaka kuona mwezi mmoja wa Mshtarii ukimficha mwenzake au ukiingia katika kivuli chake. Matukio hayo huwezekana pale tu Dunia na Jua zinapokaribia usawa wa ikweta ya Mshtarii, ambamo miezi hiyo huzunguka, na hali hiyo hujirudia kila baada ya miaka 6 hivi. Baada ya msimu wa 2021, unaofuata ni wa 2026–2027.

Kwa kila tukio, jedwali hutaja miezi inayohusika, aina ya tukio, saa zake na kiasi ambacho mwanga utapungua. Kiasi hicho ndicho ninachokithamini kuliko yote, kwa sababu mwezi unaofichwa kidogo tu haumwonyeshi mtazamaji badiliko lolote, ilhali mwanga unaopungua kwa nusu huonekana waziwazi hata katika darubini ndogo isiyo na kamera.

Hata hivyo, uzuri hasa wa kazi hii ni kwamba taasisi inayotabiri ndiyo pia inayopokea rekodi za watazamaji. Katika kampeni ya 2014–2015, iliyoongozwa na IMCCE pamoja na Taasisi ya Sternberg ya Moscow, zilichakatwa grafu 609 za mwangaza, na nafasi za miezi zikapatikana kwa usahihi wa kilomita 75 hivi, ingawa Mshtarii ulikuwa zaidi ya kilomita milioni 600 kutoka hapa. Usahihi huo unatokana na miezi yenyewe: haina angahewa nzito, kwa hiyo ukingo wake hukata mwanga kwa ukali, tofauti na sayari, ambayo angahewa yake huufifisha mwezi polepole unapoingia kivulini.

Anayeanza atahitaji subira, maana majedwali yanaeleza kitakachotokea bila kufundisha namna ya kukipima. Io, mmoja wa miezi hiyo, huenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, hivyo saa iliyopotoka kidogo hupunguza thamani ya rekodi nzima. Kipokezi cha GPS, kinachotoa saa sahihi, kinastahili gharama yake. Ni vyema pia kurekodi dakika kadhaa kabla na baada ya tukio, mwezi mwingine ukiwa ndani ya picha, kwani wingu jembamba huififisha yote kwa pamoja, lakini tukio halisi hugusa miezi inayohusika peke yake.