Mdoli wa 65,000 na ushauri wa kwenda kuombewa

Naandika hii nikiwa na hasira. Mke wangu alinishauri nisubiri zipoe. Nimesubiri, hazijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Namzungumzia dada mmoja hapa Dodoma anayeshona midoli ya watoto wenye usonji, ile ya vitambaa vya kila aina, mizito kidogo tumboni, ambayo mtoto anaipapasa na kuikumbatia mpaka anatulia. Jina la biashara yake silitaji. Wazazi wenye watoto kama wangu mjini hapa tunafahamiana, atakayemjua atamjua. Nililipa 65,000, nusu wakati wa kuagiza na nusu siku ya kuchukua. Rangi na saizi mtaziona kwenye picha zake. Picha ni nzuri, sina ugomvi na picha.

Ugomvi wangu ni mshono mmoja, ule wa chini ya tumbo.

Mwanangu ana miaka saba na maneno yake ni machache. Lebo ya fulana ikimgusa shingoni analia mpaka tuikate, lakini ukimkumbatia kwa nguvu, ukambana hasa, mabega yanashuka na pumzi inakaa sawa. Mguso mwepesi unamtesa, mgandamizo unamtuliza. Na hii siyo deko. Mwongozo ambao madaktari wa Marekani wanautumia kutambua usonji, toleo la 2013, umeiweka kabisa hali hii ya hisia kuzidi au kupungua miongoni mwa dalili zake. Nayasema haya kwa ajili ya mashangazi wanaokuja kutuambia tumemdekeza. Wa kwanza kunielewa alikuwa mama yangu, ambaye amezeeka na ng'ombe kule Kongwa. Nilimsimulia habari za Temple Grandin, mama wa Kimarekani mwenye usonji, ambaye ujanani alijitengenezea mashine ya kumbana mwili mzima baada ya kuona ng'ombe wakitulia kwenye kibanio cha kuchanjia. Mama akanijibu, "Sasa hapo cha ajabu nini? Ng'ombe akibanwa vizuri si anatulia." Mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo tukaagiza sungura wa kilo moja. Mtaalamu wa tiba kazi anayemwona mwanangu alikuwa ametusisitizia kwamba uzito ukae mapajani, usifike usoni, na mtoto aweze kuusukuma mwenyewe akichoka nao. Yote haya nilimweleza dada. Nilimweleza pia, tena kwa kurudia, kwamba mtoto anauma. Anavuta, anarusha ukutani, halafu anauma. Akaitikia huku anaandika kwenye daftari.

Sungura akaja. Siku za mwanzo nilikuwa namsifia dada huyu kwa kila mtu, mpaka kwa dereva bajaji.

Halafu usiku mmoja, kipindi kile cha upepo, nikasikia vitu vinamwagika sakafuni chumbani kwa mtoto. Nikaingia na tochi ya simu. Amekaa kitandani, sungura kalegea mikononi, tumbo limeachana kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na punje za plastiki, ndogo kuliko dengu, zimetapakaa kila mahali. Yeye amefunga mdomo anatafuna. Nikamtia kidole. Akaniuma barabara, na haki yake, maana hapendi mtu amguse midomo. Nikazitoa moja moja, nyingine zimenata chini ya ulimi, huku mke wangu amemshika kichwa na sote watatu tunalia kwa namna zetu. Hakumeza, au kama alimeza haikumdhuru, namshukuru Mungu. Asubuhi mama akafagia mpaka nje, na kuku nao wakaanza kudonoa. Tukawa na kazi ya kuwafukuza kuku.

Alipolala nilimkagua yule sungura. Mshono una safu moja tu, haukupigwa ovaloki, tena umepita pembeni kabisa mwa kitambaa, hata nyuzi zimechomoka zenyewe. Na punje zimemiminwa humo moja kwa moja, bila mfuko wa ndani! Ndugu zangu, hata mto wa sufi wa bibi una foronya. Kitu chenye uzito kinavuta mshono muda wote, hata kikiwa kimelala tu, ndiyo maana punje hutiwa kwanza kwenye mfuko wake uliofungwa imara, kisha mfuko ndiyo unaingia mwilini. Mshono wa nje ukiachia, kuna kizuizi cha pili. Sikuzaliwa nayajua haya. Usingizi ulikata, nikasoma mpaka adhana. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa midoli, EN 71, kinataka mshono wa mdoli laini uvutwe kwa nguvu ya nyutoni 70, karibu na kuning'iniza kilo saba. Kuna pia kisilinda cha kupimia, kipenyo chake milimita 31.7, na kitu chochote kinachoingia chote humo kinahesabiwa kwamba kinaweza kumkaba koo mtoto wa chini ya miaka mitatu. Punje zile ungejaza kisilinda kizima. Wangu ana saba, najua, lakini mdomo wake hausomi cheti cha kuzaliwa.

Mpaka hapo sikuwa na hasira na mtu. Mshono unaachia, fundi ni binadamu. Nilikwenda kwake nikiwa na nia ya kurekebishiwa tu.

Nilimkuta kwenye fremu yake na wateja wawili. Nikasalimia, nikasubiri amalize. Akamtoa sungura kwenye mfuko, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye tundu. Nilitegemea aulize mtoto anaendeleaje. Akauliza, "Anauma vitu?"

Nikasema ndiyo dada yangu, nilikwambia, uliandika.

"Sasa baba, hapo tatizo siyo mdoli. Midoli yangu haichezewi hivyo. Mngemfundisha kwanza."

Nikamwonyesha ile safu moja ya mshono. Na yeye akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sidai hela, nataka ushone upya na uweke mfuko wa ndani. Ndipo akashusha sauti, ile ya kumhurumia mtu, akasema, "Halafu baba yangu, msikae na hizi tiba peke yake. Mpelekeni akaombewe." Mmoja wa wale wateja akadakia, "Kweli kabisa."

Mimi ni mtu wa ibada, wanaonijua wanajua. Mwanangu anaombewa kila siku, tena na bibi yake, ambaye maombi yake hayana mchezo. Ila maombi hayashoni tumbo la sungura. Na kinachoniwasha mpaka leo siyo ushauri wenyewe, ni kwamba anautoa mtu aliyeweka tangazo nje la "Tunawaelewa watoto wa kipekee". Unawaelewaje? Umesema wazi unawashonea watoto wanaouma, wanaovuta na wanaorusha, basi kuumwa na kuvutwa ndiyo kazi ya kitu hicho. Muuza jembe hamkaripii mkulima kwa kulimia. Kama midoli yako ni ya kupangwa kabatini, andika hivyo na uuze 20,000.

Usinunue. Ndivyo nilivyokuwa nimeandika mara ya kwanza, neno hilo moja, na ningeliacha hivyo.

Shida ni sikio.

Siku ya kuagiza alituambia twende na mtoto. Hakumwita, hakumshika kichwa, hakumwuliza "mambo" kama wanavyofanya wote halafu wakashangaa mtoto anajificha. Alikaa sakafuni mbali kidogo, akasukuma beseni lenye vipande vya vitambaa katikati ya chumba, akanyamaza. Kulikuwa na kodrai, mahameli, taulo, satini, flisi na kipande cha gunia. Sisi tunasubiri, naye kimya. Mtoto akazunguka chumba, akarudi, akachukua kodrai na kuikwaruza kwa ukucha, mistari ile, mbele na nyuma. Akaitupa. Akachukua satini akaipitisha kwenye mdomo wa juu. Akairudia kodrai. Dada akaandika. Hata lebo za nguo, ambazo mwanangu hazitaki shingoni, aligundua anazipenda vidoleni, maana hapo anazigusa yeye mwenyewe na haziji kumvamia. Sijawahi kuona mtu mgeni anamsoma mwanangu namna ile. Mimi baba yake sikuwa najua habari ya kodrai.

Akatengeneza sikio refu, upande mmoja kodrai, upande wa pili satini, na ukingoni ameshonea vilebo vitatu laini. Mtoto analilalia sikio hilo. Garini analishika, kwa kinyozi analishika, na wenye watoto hawa wanajua maana ya mtoto kukaa kwa kinyozi bila vita. Na mshono wa sikio, sikilizeni, una safu mbili. Haujaachia hata uzi! Kwa hiyo anajua kushona. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kama ningekutana na mtu asiyejua kazi ningemsamehe nikaenda zangu.

Mwili wa sungura sasa, ngoja niseme na hili, ambalo ningelimezea kama ningejibiwa kistaarabu. Ametumia yale manyoya marefu ya poliesta. Dodoma siyo Njombe. Hewa ya hapa wakati wa kiangazi ni kavu mno, manyoya ya aina hiyo yakisuguliwa yanatoa cheche, tena gizani unaziona, na mtoto anayeumizwa na lebo ya fulana hahitaji kupigwa shoti na sungura wake. Yananasa vumbi jekundu lote la mtaa. Ikifika Oktoba yanachoma. Na hakuna zipu, ukitaka kufua unafua na tumbo lake. Nje panakauka saa ile ile, ndani panabaki na unyevu na kuanza kunuka. Pamba au kodrai mwili mzima ingemaliza maneno.

Nikampeleka kwa fundi mmoja mzee pale Soko la Majengo, anayeshona sare za shule. Hajui usonji, wala sikumweleza sana, nilimwambia tu mtoto ana nguvu na anauma. Hakuuliza kwa nini anauma. Akakata shuka nene, akashona mfuko wa ndani mara mbili na ovaloki juu, akahamishia punje humo. Mama alikuwa anataka tutie uwele badala ya plastiki, lakini uwele ungeleta fukusi na panya. Kisha mzee akaweka zipu mgongoni, na kile kishikio cha zipu akakikata kwa koleo. Ukitaka kuifungua unatumia pini. Alibuni hilo mwenyewe, papo hapo, kwa kusikia tu kwamba mtoto ana nguvu. Akanitoza 5,000.

Sungura aliporudi, mtoto alimkataa, ananuka mafuta ya cherehani. Ilibidi aanikwe sana. Sasa amekubalika, anavutwa, anarushwa, anaumwa, na tumbo limeshika.

Kwa hiyo mkiniuliza, sijui niseme nini. Ubunifu wa huyu dada sijauona kwa mwingine, na ushonaji wake wa tumbo ni hatari, na mdomo wake ni mbaya. Ukienda kwake, agiza mfuko wa ndani mbele ya shahidi, lipa nusu, na mvute sungura miguu hapo hapo kabla ya kumaliza malipo. Akinuna, ondoka na nusu yako iliyobaki.

Juzi ametuma ujumbe, bila pole wala nini, eti ana kodrai mpya yenye mistari mipana na amemkumbuka mwanangu. Amemkumbuka! Nimemwambia mke wangu aagize masikio mawili, masikio tu, bila mwili, na akalipe yeye, maana mimi kwenye ile fremu sikanyagi.